Barua Zilizolala Bombay

Harufu ya gunia lililonyonya mafuta ya mashine ndiyo iliyonifanya nilie wiki iliyopita mbele ya fundi nisiyemjua. Gari langu lilikuwa limekaa muda mrefu nje ya nyumba yangu Azaiba, hapa Maskati, bila ya kuguswa, na siku nilipolitaka likakataa kuwaka. Mtoto wa jirani akanitafutia gari la kuvuta, tukalipeleka gereji moja Wadi Kabir. Fundi akatandika gunia kuukuu chini, akalala chali, akajisukuma uvunguni. Nami nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, harufu ile ikanipanda: gunia, mafuta, na chumvi ya bahari iliyokauka. Mara nikawa na miaka kumi. Nikawa uani kwetu, si mbali na hapo gereji ilipo leo, Baba ameshusha begani kipande cha gunia kilichojaa barua, na wanawake saba wamenyamaza kimya, wote wananitazama mimi.

Kwa nini gari langu lilikaa muda wote huo nitakwambieni mwisho. Kwanza nataka mumjue Mama Mkubwa.

Jina lake Moza, dada yake mkubwa Mama yangu. Tuliondoka naye Unguja mwaka wa sitini na nne, mimi nikiwa ndio kwanza nang'oka meno ya mbele. Mumewe, Mwalimu Nassor, alibaki. Mama yake Mwalimu alikuwa kalala kitandani, hawezi kugeuzwa seuze kupandishwa meli, na mtoto wa kiume alikuwa ni yeye peke yake. Akamwambia mkewe, "Tangulia na ndugu zako. Mimi nikishamzika Mama, ntakuja." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mwalimu wa skuli, mtu wa kusema kitu kama kilivyo.

Basi Mama Mkubwa akaishi nasi Wadi Kabir. Msiione leo ilivyojaa gereji na mabasi madogo. Wakati ule ilikuwa nyumba chache za mawe na udongo, mitende, visima, na punda wa maji aliyekuwa akisimama mbele ya mlango wetu kila asubuhi na kukataa kwenda mbele wala nyuma. Mama Mkubwa alikuwa mpambaji wa maharusi. Kazi hiyo alikuwa nayo tangu Unguja, akaihamishia Maskati pamoja na kijiwe chake cha kusagia liwa. Asumini hakuzipata, akajifunza kutumia mawaridi makavu yaliyoshushwa kutoka Jabal Akhdhar. Alisinga, alipaka hina, alifukiza udi, na akishamaliza alikuwa wa kwanza kuingia uwanjani kucheza, na huo mwili wake mnene ukienda kama hauna uzito. Kila nyumba ya watu wa Unguja yenye harusi ilimwita yeye.

Tena si kwa ustadi tu. Kwetu sisi mpambaji hutafutwa aliye na mume hai na ndoa iliyotulia, maana bibi harusi anachukua nyota ya mkono unaomgusa. Mjane hatakiwi, na mwanamke aliye kwenye eda, bado anamkalia mumewe aliyekufa, huyo hata kwenye chumba cha bibi harusi haingii. Mwalimu Nassor alikuwa mbali, lakini alikuwepo. Barua zake zilikuwa ushahidi.

Na barua hizo nilizisoma mimi. Maskati hapakuwa na skuli ya watoto wa kike, lakini mimi nilikuja na darasa mbili za Unguja kichwani, na Baba, ambaye alikuwa karani wa tajiri mmoja Matrah, akaniongeza mwenyewe nyumbani. Mama Mkubwa alisoma Kurani yake vizuri sana, ila herufi za kizungu alikuwa hazijui, na Mwalimu hakuandika kwa nyingine. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho yake, na nilijiona mkubwa kuliko punda na mwenye punda. Kila barua ilianza, "Kwa mke wangu mpenzi Moza," na nikifika hapo nilikuwa nameza mate kwa haya, naye ananigusa goti: "Soma mwanangu, usile maneno ya watu."

Majibu tuliyaandika Alkhamisi baada ya alasiri. Yeye anashona kofia huku akisema, mimi naandika ulimi nje. Kofia ilikuwa ya Mwalimu, ya vitobo vidogovidogo, na kipimo cha kichwa chake alikuwa nacho kwenye uzi aliofunga pembeni mwa kanga yake. Uzi huo aliuchukua bandarini siku tuliyoondoka, amemzungushia mumewe kichwani mbele za watu, bila ya kujali nani anacheka.

Siku moja Baba alirudi kutoka Matrah akasema, "Bombay wamegoma. Watu wa posta."

Inafaa nieleze, maana vijana wetu hawatafahamu. Barua ya Unguja, na hata ya Misri, ilikuwa ikipanda meli mpaka Bombay, ikashuka, ikapangwa, ikasubiri meli nyingine inayokuja Ghuba, ndipo ifike Maskati. Na Maskati hakuna mtu aliyekuletea mlangoni. Unakwenda posta mwenyewe, unaulizia. Kwa hiyo mtu wa Bombay, ambaye hatujapata kumwona wala yeye hatujui, alikuwa kama mpishi wa karamu yetu. Akiweka mwiko chini, sote tunalala na njaa.

Mimi mgomo niliujua kwa yule punda tu. Nilidhani nao watu wa Bombay wamesimama njiani, masikio nyuma, wanangoja kupigwa. Nilipomwambia Mama Mkubwa alicheka mpaka sindano ikamdondoka, kisha akaacha kucheka. "Punda anagoma kwa mzigo, Rahma. Na binadamu vilevile."

Mtaa haukuwa na upole huo. Mzee mmoja wa nyuma yetu alikuwa anangojea miwani yake, akawa anasalimia mitende akidhani ni majirani. Kijana mwengine aliposa huku, na ruhusa ya baba wa msichana, aliyebaki Unguja, ikalala Bombay. Lakini aliyewaka zaidi alikuwa Bi Asha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye moyo mzuri na ulimi wa upanga. Mwanawe wa kiume alikuwa masomoni Misri, na harusi ya bintiye Zuleikha imekaribia, na haijulikani kama kaka mtu atakuja au haji. Bi Asha akataka watu wa posta wasomewe Halbadiri, wote, mmoja mmoja kwa jina la mama yake.

"Unamjua hata mmoja?" Mama Mkubwa akamuuliza.

"Simjui wala sitaki kumjua! Karatasi yangu naitaka!"

"Basi ngoja, shoga. Mtu aliyebeba salamu za watu miaka yote, jua lake mvua yake, leo kakaa kitako. Ana lake linalomchoma. Na yeye ana watoto."

Bi Asha aliondoka akinung'unika, lakini Halbadiri haikusomwa. Nilimwona Mama Mkubwa baada ya hapo akishikashika ule uzi wa pembeni mwa kanga. Barua ya mwisho ya Mwalimu ilikuwa imesema kifua kinambana.

Mgomo wenyewe haukuwa mrefu. Baba alituambia baada ya wiki chache kwamba kazi imeanza tena. Ila mlima wa magunia uliokwisha jirundika ulikuwa hauwezi kuondoka kwa siku mbili, na gunia letu sisi, katika ile haraka, likapakiwa likapitishwa Maskati bila ya kushushwa, likaenda mpaka Basra, na huko likakaa. Kila meli ikija Baba alikwenda posta. Kila akirudi tulimtazama mikono kabla ya uso.

Na Mama Mkubwa aliendelea. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa kulistaajabia hata leo. Kila Alkhamisi tuliandika, barua juu ya barua, akimsimulia mumewe hina ya fulani imeshika vipi, na nani kamwaga sharubati, na Rahma kaota jino. Kama hana barua ya kujibu, anajibu lile alilodhani angeliulizwa. Harusi ya Zuleikha ilipofika, Mfungo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani, akampamba mtoto yule mpaka mama yake mwenyewe akaketi chini kwa kulia. Kisha akajifunga kibwebwe akacheza. Nilikuwa pembeni na sahani ya kashata na nikafikiri, hakuna mwanamke mzuri kama huyu Maskati nzima.

Gunia lilirudi mwisho wa Mfungo Nane. Karani wa posta alikuwa hoi, akafungua akampa Baba barua zote za watu wa Unguja wa Wadi Kabir ndani ya kipande cha gunia lenyewe, lililolowa bahari na mafuta ya meli. Wanawake wakaja wakikimbia. Bi Asha akapata yake ya Misri akaibusu. Mama Mkubwa alikuwa na barua tatu. Baba akazipanga kwa muhuri wa tarehe, ya zamani juu, akanipa.

Mbili za mwanzo zilikuwa za Mwalimu. Kifua kimepata nafuu, kifua kimerudi, mwembe wa nyuma umezaa, mama yake bado yu hai, anamuulizia Moza. Nilisoma kwa madaha, sili neno. Ya tatu ilikuwa na mwandiko mwengine. Nikaifungua, macho yakakimbia mbele ya mdomo, kama ilivyo kawaida ya msomaji, na mdomo ukakataa.

"Soma mwanangu," akasema. "Usile maneno ya watu."

Nikasoma. Iliandikwa na mtoto wa ndugu yake Mwalimu. Ilisema Mwalimu Nassor amefariki siku ya tatu ya Mfungo Nne, baada ya sala ya alfajiri, hakuumwa sana, na kwamba hawakupiga simu ya upepo ya maneno mawili matatu kwa kuona barua ni ya upole zaidi na itafika tu. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwengine aliyekaa nyuma yangu. Hakuna aliyepiga ukelele. Mama Mkubwa alikuwa anahesabu kwa vidole, Mfungo Nne, Tano, Sita, Saba, Nane, na alipofika kidole cha tano akakishika akawa hakiachii.

Kisha akainuka. Akaenda chumbani, akageuza kioo kikatazama ukuta, akavua bangili, akavaa nguo nyeupe, akakaa chini kwenye mkeka. Amekaa eda.

Baba ilimbidi amwite sheikh aliyekuwa akitusomesha Kurani, maana alishahesabu siku, na neno hilo hakuweza kumwambia mwenyewe. Sheikh alisimama nje ya pazia akamuuliza tarehe mara mbili. Alikuwa mzee mwenye huruma. Eda, akasema, inahesabiwa tangu siku mume alipokufa, mke ajue asijue. Miezi minne na siku kumi ya Moza imekwisha siku kumi na moja zilizopita. Avae rangi zake. Atoke nje. Yeye hana eda.

"Hata siku moja, Sheikh?" Sauti ya nyuma ya pazia ilikuwa ndogo, sikuitambua. "Hata siku moja ya kumkalia?"

"Hata siku moja, binti yangu. Umeshaimaliza."

Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia, na sikujua tunalilia nini hasa. Nilidhani ameambiwa jambo jema. Ameruhusiwa kutoka, kucheza, kuvaa. Mtoto hafahamu kwamba mtu anaweza kunyimwa msiba wake.

Baba alitoka uani akaanza kuwalaani watu wa posta. Sijapata kumsikia akitukana kabla ya siku hiyo. Na kabla hajamaliza akaingia Bi Asha, hana viatu, mtandio umemwanguka. Amekwisha fanya hesabu yake na yeye. Harusi ya Zuleikha ilikuwa Mfungo Sita. Bintiye amepambwa na mwanamke aliye ndani ya eda, na sasa hivi ana mimba changa.

"Moza! Umenifanyia nini mwanangu? Umempaka hina na mkono wa mauti!"

Mama alitaka kumtoa. Mama Mkubwa akasema muache. Akatoka chumbani na nguo zake nyeupe, macho yamevimba, akaketi kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi maana ndicho kilichokuwa karibu. Mimi nilijua, pamoja na utoto wangu, kwamba akishindwa kusema sasa hivi hataitwa kwenye harusi tena maisha yake, na Zuleikha atangojea balaa kila mtoto akipiga chafya.

"Asha," akasema, "siku ile nilipokuwa nampamba Zuleikha, asubuhi yake nilikuwa namshonea mume wangu kofia. Usiku wake nilimwombea. Alkhamisi yake nikamwandikia, muulize Rahma. Mkono uliomgusa mwanao ulikuwa mkono wa mke, umejaa mume tele. Mauti yalikuwa Unguja na barua ilikuwa Bombay. Mwanao hayakumgusa."

Bi Asha akavuta mtandio wake kichwani. Mama Mkubwa akamgeukia Baba.

"Na wewe shemegi, waache watu wa posta. Wangelifanya kazi yao, miye ningelikuwa mjane tangu Mfungo Tano. Wao walivyoketi wamenipa mume miezi mitatu na zaidi. Nani mwengine angelinipa? Wewe ungeliweza?"

Bi Asha ndiye aliyepiga magoti, akamkumbatia pale pale kwenye kibao cha mbuzi, na wakalia kwa sauti, na watu wa nyumba ya pili wakaja, na msiba ukaanza kama unavyotakiwa kuanza.

Katika khitma, waliposomewa dua maiti wa nyumba na maiti wa jirani, Mama Mkubwa alipeleka ujumbe kwa wanaume kwamba waombewe na watu wa posta wa Bombay, wao na watoto wao. Baba alimtazama Sheikh, Sheikh akamtazama Baba, kisha mikono ikanyanyuliwa. Mimi nyuma ya pazia nilikuwa nacheka kimyakimya, Mungu anisamehe, nikiwafikiria wanaume wa Bombay wanavyopiga chafya bila ya kujua kwa nini.

Nilimuuliza siku moja, "Sasa zile barua tulizomwandikia, zimepotea?" Akasema, "Zilikuwa za mke kwa mumewe. Hazijapotea, zimechelewa tu." Kofia aliimaliza, ilikuwa imebaki safu moja. Akampa Baba ampelekee karani wa posta, yule wa Maskati aliyekuwa hoi. Baba alirudi akasema inambana kidogo, lakini ameivaa. Uzi wa kipimo akabaki nao mwenyewe.

Na harusi? Ya kwanza kumwita baada ya hapo ilikuwa ya mdogo wake Zuleikha. Bi Asha alikuja kumchukua mwenyewe, amemshika mkono, akapita naye katikati ya Wadi Kabir mchana kweupe ili kila mtu aone. Mjane, na akapamba. Mtoto wa Zuleikha alizaliwa salama, leo ni mtu mkubwa mwenye wajukuu na kelele nyingi.

Mama Mkubwa amekufa zamani, na kwa miaka mingi kisa hiki nilikuwa nakisimulia kwa kuchekesha, hasa pale pa kuombewa dua watu wa posta. Niliona ni ujasiri wake, maneno mazuri aliyoyapata ya kuwazima watu. Nilimsifu kwa ulimi wake. Sikujua kwamba alikuwa anasema kitu kama kilivyo.

Mwaka huu mume wangu alilazwa. Nilirudi nyumbani asubuhi kumchukulia kanzu safi, niko mlangoni na ufunguo mkononi, simu ikalia. Mwanangu alikuwa hospitali, kando ya kitanda. Baba yake alikuwa amekata roho dakika hiyo hiyo. Ile kanzu niliyokuja kuichukua, hata sikuwahi kuingia ndani kuishika nikiwa bado mke.

Nilikaa eda yangu yote, miezi minne na siku kumi, sikupunguziwa hata moja, na gari nje likiniangalia. Nilikaa nikimwonea wivu Mama Mkubwa.

Fundi akatoka uvunguni, akajifuta mikono kwa lile gunia. "Betri, mama," akasema. "Imekufa. Imekaa sana."

Nikamwambia najua. Akaenda kutafuta nyingine, nami nikanyanyua mikono yangu pale pale kwenye kiti cha plastiki nikawaombea watu wa posta wa Bombay, waliokufa na waliobaki, wao na watoto wao. Simu ikalia ndani ya mkoba. Niliiacha ilie kidogo kabla sijaipokea.